Mshipa na Mizani: Lugha ya Kupimia Faida na Hatari za Tiba ya Uti wa Mgongo Katika Mtaa wa Biashara, Mombasa

Utangulizi

Mtaa wa Biashara, ambao wenyeji wengi huuita Biashara Street kwa jina lililochanganya lugha mbili, unakutana na Barabara ya Digo si mbali na Soko la Marikiti katika Kisiwa cha Mombasa. Umejulikana kwa miaka mingi kuwa kitovu cha biashara ya leso, vikoi na vitambaa vya kila namna, na leso za Kaderdina Hajee Essak zenye alama ya "Mali ya Abdulla" zimeipeleka sifa yake pwani yote ya Afrika Mashariki. Wanafunzi wa Kiswahili wanapoutaja mtaa huu aghalabu huwa wanazungumzia majina ya leso. Makala haya yanautazama kwa sababu nyingine, nayo ni migongo ya watu wanaoiendesha biashara hiyo.

Kazi za mtaa huo ni za kuinama na kuinua. Hamali huteremsha marobota ya vitambaa kutoka kwenye malori na kuyafikisha madukani kwa mkokoteni au kwa bega lake. Fundi wa cherehani huinamia mashine tangu asubuhi hadi jioni, na siku za kukaribia Idi huinama hadi usiku. Muuzaji naye husimama mchana kutwa akishusha majora kutoka kwenye rafu na kuyarudisha, mara nyingine kwa ajili ya mteja aliyekuja kutazama tu. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 128 la mwaka 1967, lilitaka mzigo unaobebwa na mwanamume mzima ukiwa zaidi ya kilo 55 upunguzwe hadi kufikia kiwango hicho. Robota, hata hivyo, aghalabu halipimwi kabla ya hamali kujitwika.

Mgongo wa mmoja wa watu hawa ukikaza, njia zilizo mbele yake ni kadhaa. Anaweza kununua vidonge vya maumivu, kwenda kwa mkandaji, kwenda kwa mhazigi, kufika hospitalini na kuelekezwa kwa tabibu wa viungo, au, kama mfuko unaruhusu, kumtafuta mtaalamu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma viungo vya uti wa mgongo kwa mikono. Kila njia ina faida yake na hatari yake, na mtu mzima ana haki ya kuzipima mwenyewe. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba kwa msemaji wa Kiswahili upimaji huo hukwamishwa na msamiati hata kabla haujafikia maswali magumu ya sayansi. Neno moja, mshipa, limewekwa katika pande zote mbili za mizani.

Majina ya Maumivu

Msemaji wa Kiswahili cha Mombasa hutofautisha mgongo na kiuno. Mgongo kwake ni sehemu yote ya nyuma tangu chini ya shingo. Kiuno ni pale chini ya mbavu na juu ya nyonga, ambapo ndipo maumivu ya wabeba mizigo na wakaa vitako yanapokaa mara nyingi zaidi. Tofauti hiyo ni sahihi na ina manufaa kwa tabibu, ingawa mgeni wa lugha anaweza kusikia "kiuno" akadhani anaambiwa habari za nyonga.

Kuna pia baridi yabisi. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na la pili lina maana ya kikavu. Jina hilo linaeleza zaidi ya namna mgonjwa anavyojisikia. Ni mabaki ya nadharia nzima ya utabibu, ile ya Wayunani iliyoendelezwa na wanazuoni wa ulimwengu wa Kiislamu, Ibn Sina (980–1037) akiwa mmoja wao, ambayo iliyagawa maumbile kwa joto na ubaridi, umajimaji na ukavu. Anayeuita ugonjwa wake baridi yabisi ni kama aliyekwisha kujiandikia dawa: kitu cha moto na chenye unyevu. Ndipo mafuta yaliyopashwa moto yanapoonekana kuwa tiba inayostahili hata kabla mgonjwa hajamwona mtu yeyote. Jina hubeba nadharia, na nadharia huchagua tiba. Jambo hili litarejea mbele katika tiba iliyotoka mbali zaidi.

Upande wa vitenzi, Kiswahili hakina upungufu. Kukanda ni kubonyeza mwili, pengine kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, kama anavyofanyiwa mzazi baada ya kujifungua. Kuchua ni kusugua kwa nguvu. Kusinga ni kusugua kwa mafuta au manukato, na neno hili lina harufu ya arusi kuliko ya hospitali. Kuumika ni kutoa damu kwa chuku. Kuhazigi ni kuunga mfupa uliovunjika, na mwenye ujuzi huo ndiye mhazigi, neno ambalo vijana wengi wa mjini hawalitumii tena na ambalo lingestahili kurudishwa darasani. Hata hivyo, hakuna kitenzi hata kimoja kati ya hivi kinachotaja msukumo mfupi wa ghafla juu ya kiungo cha uti wa mgongo, ambao ndio kiini cha kairopraktiki. Pengo hilo limezibwa na kitenzi cha kuazima kutoka kazi nyingine, yaani kunyoosha.

Tiba Iliyozaliwa Davenport

Kairopraktiki ina mahali na tarehe ya kuzaliwa. Mnamo Septemba 1895, mjini Davenport katika jimbo la Iowa, Marekani, Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akitibu watu kwa sumaku, alimsukuma pingili ya mgongo Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo aliyekuwa na uziwi. Palmer alidai kwamba usikivu wa Lillard ulirejea. Rafiki yake mchungaji aliitungia tiba hiyo jina kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkono na kutenda, na mwaka 1897 Palmer akaanzisha mafunzo. Mtu anaweza kustaajabu hapo, kwani neva ya kusikia hutoka sikioni kwenda ubongoni bila ya kupita katika uti wa mgongo.

Madai hayakuishia masikioni. Katika kitabu chake cha mwaka 1910 Palmer alishikilia kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama mahali pake. Hapa msomaji wa pwani ataikumbuka baridi yabisi. Katika hali zote mbili jina la ugonjwa linakuja na maelezo ya chanzo chake, na maelezo hayo yanamwelekeza mgonjwa kwenye mlango mmoja tu. Tofauti ni kwamba nadharia ya Palmer imepata kuulizwa na wenyewe walioirithi: mwaka 2010 baraza linalosimamia taaluma hiyo nchini Uingereza lilieleza kuwa dhana ya pingili iliyohama ni ya kihistoria, na kwamba hakuna ushahidi wa utafiti wa kitabibu unaoithibitisha kuwa ndiyo chanzo cha magonjwa.

Haifai hata hivyo kuihukumu taaluma ya leo kwa maneno ya mwanzilishi wake peke yake. Wataalamu wengi wa kairopraktiki siku hizi hujihusisha na maumivu ya kiuno, ya shingo na ya viungo, na hawagusi habari za pumu wala uziwi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 ulipendekeza mafunzo kamili yasiyopungua saa 4,200, na ndani yake saa 1,000 za kutibu chini ya uangalizi. Barani Afrika mafunzo ya chuo kikuu yanapatikana Durban na Johannesburg, nchini Afrika Kusini. Kenya, kwa upande wake, ilipitisha mwaka 2014 sheria ya kuwasimamia matabibu wa viungo, ambao nao hutumia mikono yao juu ya mgongo pamoja na mazoezi. Kwa mteja wa Mtaa wa Biashara, tabibu wa viungo, mtaalamu wa kairopraktiki, mkandaji na mhazigi wote "wananyoosha mgongo". Kitenzi kimoja kimewavika kanzu moja watu wanne wenye ujuzi tofauti kabisa.

Kunyoosha, Kurudisha, Kualisha

Kitenzi kunyoosha kinadokeza kwamba kilichokuwepo kabla kilikuwa kimepinda. Nguo hunyooshwa kwa pasi kwa sababu ilikuwa na makunyanzi. Chuma hunyooshwa kwa nyundo kwa sababu kilikuwa kimekunjika. Anayeambiwa "nitakunyoosha uti" amekwisha kukubali, bila ya kuulizwa, kwamba uti wake haukuwa sawa. Kurudisha, kama katika "kurudisha pingili mahali pake", kinazidi kwa kuahidi, kwani kinaleta picha ya mlango uliotoka kwenye bawaba ukarudishwa. Vitenzi vyote viwili vimebeba nadharia ya 1910 ndani yake, na vinampa mgonjwa faida ambayo haijathibitishwa hata kabla mkono haujamgusa.

Kinachowasadikisha wengi ni ule mlio. Mgonjwa husikia "ta!" akaamini kwamba mfupa umerudi. Mlio huo unatokana na kiungo chenyewe. Kati ya mifupa inayokutana kuna majimaji yenye gesi iliyoyeyuka ndani yake. Nyuso za kiungo zikiachana ghafla, msukumo wa majimaji hushuka na uwazi wa gesi hujitokeza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha kiungo cha kidole kwa mashine ya sumaku wakati kikitoa mlio, na wakaona uwazi huo ukitokea papo hapo. Hakuna mfupa uliorejea popote, kwa sababu hapakuwa na mfupa uliotoka.

Kwa bahati, lugha ina kitenzi kinachotaja mlio na kuishia hapo. Kualika ni kutoa mlio mkavu wa ghafla, na kualisha ni kuufanya utokee, kama mtu anavyoalisha vidole vyake. "Kualisha uti wa mgongo" kunaeleza kinachofanyika na kinachosikika bila ya kuapa kwamba kuna kilichonyooka. Wako watakaopinga. Watasema kwamba kualisha vidole ni mchezo wa watoto wa chuoni ilhali msukumo wa shingoni ni jambo zito, na kwamba si kila msukumo unaotoa mlio. Wenye taaluma nao wanaweza kuona wameteremshwa daraja. Pingamizi hizo zina uzito, lakini hazilishindi kosa la kitenzi kinachotoa ahadi. Neno pungufu laweza kujazwa kwa maelezo. Neno lililokwisha kuahidi huwa limefanya kazi yake mapema.

Upande wa Faida

Maumivu ya kiuno si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu milioni 619 duniani waliishi nayo mwaka 2020, na kwamba idadi hiyo inaweza kufikia milioni 843 mwaka 2050. Katika visa vingi hakionekani chanzo kimoja cha kuonyeshwa kwa picha, na maumivu mapya mara nyingi hupungua yenyewe katika wiki chache. Jambo hili la mwisho ndilo linalovuruga hukumu za watu. Fundi aliyeumia Jumatatu, akavumilia hadi Ijumaa, kisha akaenda kualishwa, akapona wiki iliyofuata, atamshukuru aliyemgusa mwisho. Akienda kwa mkandaji atamshukuru mkandaji. Akinywa mitishamba ataisifu mitishamba. Ndiyo sababu majaribio yanayolinganisha makundi ya wagonjwa yanahitajika, hata kama shukrani ya mtu mmoja ni ya kweli kabisa moyoni mwake.

Majaribio hayo yapo. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la BMJ yalikusanya majaribio 47 yenye washiriki 9,211 waliokuwa na maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Yalionyesha kwamba kusukumwa uti wa mgongo kunafanana kwa matokeo na tiba nyingine zinazopendekezwa, kama vile mazoezi, katika kupunguza maumivu. Mwongozo wa Chuo cha Madaktari wa Marekani wa mwaka 2017 uliitaja tiba hii miongoni mwa zile za kujaribiwa kabla ya dawa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 uliikubali iwapo tu inaambatana na mazoezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu kwa watu wazima, liliikubali kwa masharti, likakiri kwamba ushahidi wenyewe ni wa uhakika mdogo sana. Kukanda nako kulikubaliwa kwa masharti hayo hayo, na hilo mkandaji wa Mombasa angefurahi kulisikia. Mikanda ya kubana kiuno haikupendekezwa. Kwa hiyo mshipi umeanguka katika mtihani ambao mshipa ndiyo kwanza unaufikia.

Faida basi ipo, ni ya wastani, na inahusu kiuno zaidi kuliko kitu kingine. Anayetangaza kwamba kualisha uti kunatibu pumu, shinikizo la damu au homa za watoto hana ushahidi wa kutosha. Gharama nayo ni sehemu ya hesabu. Hamali anayeambiwa arudi mara tatu kwa wiki anapoteza nauli, ada na vibarua vya siku hizo, wakati mazoezi aliyofundishwa mara moja angeweza kuyafanya nyumbani juu ya mkeka.

Mshipa Mmoja, Hatari Nyingi

Tungo zifuatazo ni za kawaida katika Kiswahili cha kila siku:

(a) Mshipa wa shingo umenishika tangu jana.
(b) Muuguzi ameutafuta mshipa wa kutia dripu asiuone.
(c) Pingili imebana mshipa.
(d) Babu yake ana ugonjwa wa mshipa.

Katika (a) mzungumzaji anakusudia msuli uliokaza. Katika (b) ni vena, yaani mshipa urudishao damu moyoni. Katika (c) ni neva, ambayo Kiswahili sanifu pia huiita mshipa wa fahamu. Katika (d) ni ngiri au busha. Kamusi zimelitolea neno hili maana kadhaa kati ya hizi, na msemaji mzoefu huzitofautisha kwa muktadha bila ya taabu. Muktadha wa tiba ya shingo, hata hivyo, unavileta vitu vitatu kati ya hivyo mahali pamoja, katika eneo lisilozidi upana wa kiganja, na hapo ndipo muktadha unaposhindwa kusaidia.

Ubongo hupata damu kwa ateri nne zinazopanda shingoni. Mbili kati yake hupita ndani ya matundu yaliyo pembeni mwa pingili sita za juu, moja kila upande, kisha hujipinda kwenye pingili ya kwanza kabla ya kuingia kichwani. Mzunguko wa ghafla wa shingo unaweza kuivuta ateri hiyo. Ukuta wake wa ndani ukichanika, damu huganda pale penye jeraha, na donge likichukuliwa na damu hadi ubongoni huleta kiharusi. Tukio hili ni nadra sana. Ni zito pia, na humpata hata kijana.

Sasa izingatiwe sentensi ya mtibabu: "Nitalegeza mshipa, ila kwa nadra sana mshipa unaweza kuchanika." Kisarufi haina kasoro. Mteja aliyekuja akisema (a) ataielewa kwa maana ya (a): msuli wake utalegezwa, na ikitokea bahati mbaya utachanika kidogo, kama anavyopata mchezaji mpira, kisha utapona. Ateri hajaisikia. Ameonywa na hakuonywa. Mshipa wa kwanza katika sentensi ni faida, wa pili ni hatari, na msikilizaji ameviona kuwa kitu kimoja.

Je, hatari hiyo ni kubwa kiasi gani? Wataalamu hawajaafikiana. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2008 uliwachunguza wagonjwa 818 waliolazwa kwa kiharusi cha ateri hizo katika kipindi cha miaka tisa. Ulionyesha kwamba miongoni mwa wenye umri chini ya miaka 45 kulikuwa na uhusiano kati ya kiharusi na kumwendea mtaalamu wa kairopraktiki, lakini uhusiano kama huo ulionekana pia kwa waliokwenda kwa daktari wa kawaida. Watafiti walieleza kwamba pengine ateri ilikuwa imekwisha kuchanika, ikaleta maumivu ya shingo na kichwa, na maumivu hayo ndiyo yaliyompeleka mgonjwa kutafuta tiba. Chama cha Moyo cha Marekani, katika taarifa yake ya mwaka 2014, kilikiri kwamba chanzo hakijathibitishwa, lakini kikashauri mgonjwa aelezwe uhusiano huo kabla ya kusukumwa shingo. Ushauri huo una mantiki hata kwa anayeamini maelezo ya Ontario, kwa kuwa shingo ambayo ateri yake imekwisha kuchanika ndiyo shingo isiyofaa kabisa kuzungushwa.

Neno kiharusi lenyewe linaongeza ugumu. Wako wanaokihusisha na pepo au upepo mbaya, na kwao mtu aliyepooza upande mmoja jioni hawezi kuwa amepatwa na jambo lililoanza shingoni asubuhi. Atapelekwa kwa anayetoa pepo, na saa ambazo hospitali ingeweza kuzitumia zitapita. Kwa hiyo onyo linalotaja kiharusi kwa jina tu halitoshi. Linahitaji kutaja dalili: maumivu ya shingo yasiyofanana na yaliyozoeleka, kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, kuyumba wakati wa kutembea.

Madhara madogo ni ya kawaida zaidi na yanaelezeka kwa urahisi. Karibu nusu ya wanaotibiwa hupata maumivu, ukakamavu au uchovu unaoisha ndani ya siku moja au mbili. Kisha wako wasiostahili kabisa kusukumwa mgongo: mwenye mifupa iliyodhoofika kwa uzee, mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa, mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huyu wa mwisho si wa kufikirika Mombasa. Anayeumwa na mgongo huku akikonda na kupata homa za jioni anahitaji kupimwa kifua kikuu kwanza. Mwenye ganzi baina ya mapaja, au ambaye mkojo umemzuia ghafla pamoja na maumivu ya kiuno, anatakiwa hospitalini siku hiyo hiyo, kwani huenda fungu la neva za mwisho wa uti limebanwa. Kwa watoto wa pwani, ambako seli mundu imeenea, maumivu makali ya mgongo na mifupa yanaweza kuwa ni ya ugonjwa huo, na mkono wa mhazigi hauwezi kuyaondoa.

Hata jina uti wa mgongo lina kasoro yake. Hutumiwa kwa safu ya pingili, kwa ule ugwe wa fahamu unaopita ndani yake, na mitaani hata kwa homa ya uti wa mgongo, kama inaposemwa "mtoto ana uti wa mgongo". Neno ugwe, lenye maana ya uzi au kamba nyembamba, lingefaa lipewe nafasi yake katika mazungumzo ya tiba, ili mtu ajue kipi ni mfupa na kipi kimo ndani ya mfupa.

Sheria na Lugha ya Mgonjwa

Suala hili lina upande wa sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa tiba zilizopo pamoja na faida, hatari, gharama na matokeo ya kila moja, na kwamba maelezo hayo yatolewe kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Sheria hiyo hiyo ina sehemu inayohusu tiba asilia na tiba mbadala. Fomu ya Kiingereza iliyotiwa saini na fundi asiyekisoma Kiingereza haitimizi sharti hilo. Lakini fomu ya Kiswahili inayosema "mshipa unaweza kuchanika" nayo inalitimiza kwa nusu tu, na kasoro yake ni ngumu kuonekana kwa sababu kila neno lililomo linafahamika.

Wanaisimu wamezoea kujadili istilahi kwa kuuliza iwapo neno litoholewe au litungwe. Ateri, vena na neva yametoholewa, yameingia katika vitabu, na yanatofautisha kile ambacho mshipa hautofautishi. Tatizo lao ni kwamba hamali hayajui. Mshipa anaujua, lakini anaujua mno. Njia iliyobaki ni ya maelezo marefu, ambayo watunga istilahi huyadharau kwa urefu wake, na katika mazungumzo ya tiba udhaifu huo hauna madhara. Mgonjwa hana haraka ya sentensi fupi.

Kwa matumizi ya darasani, wanafunzi wanaweza kuianza kazi hiyo kwa kuyarekebisha maelezo haya, ambayo mtibabu angemwambia fundi wa cherehani mwenye maumivu ya shingo:

"Fundi, nyama za shingo yako zimekaza. Naweza kuialisha shingo, nayo inaweza kukupunguzia maumivu, ingawa mazoezi nitakayokufundisha yanaweza kukupa nafuu kama hiyo. Kesho unaweza kuamka na maumivu kidogo, yataisha. Kuna jambo jingine, ni nadra, lakini lazima ulijue. Ndani ya shingo, pembeni mwa mfupa, kuna mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kwenye ubongo. Si huu unaokuuma. Huo ukichanika, mtu anaweza kupata kiharusi, apooze au afe. Ukiona kizunguzungu, ukiona vitu viwili viwili, au ulimi ukiwa mzito, leo au siku zijazo, usiende kwingine, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Ukitaka tuanze na mazoezi tu, tuiache shingo, hilo pia ni sawa. Waonaje?"

Sentensi "Si huu unaokuuma" haitoki katika kamusi yoyote ya tiba, na mfasiri anayefanya kazi kutoka fomu ya Kiingereza hangeiandika, kwa kuwa katika Kiingereza haihitajiki. Katika Kiswahili ndiyo inayomwezesha fundi kuuona mshipa wa pili.